Harusi Iliyosubiri Nikeli

Kanazi, Ngara
20 Februari 2025

Mdogo wangu Priscila,

Salamu za hapa nyumbani. Sisi wazima, wifi yako Rozina mzima, mvua imenyesha, maharage yameshika. Nawe hujambo? Salamu nimezifupisha makusudi, maana nimekasirika.

Simu hupokei. Meseji unasoma, alama zinageuka bluu, kimya. Ndiyo maana nimeshika kalamu na barua nimempa kondakta wa basi.

Jumamosi mwanangu Anneth alikaa ndani tangu asubuhi, kitenge kichwani, anakusubiri. Wakwe wametoka Nyabusozi, Biharamulo huko, mabasi madogo mawili yamejaa. Mshenga wao, mzee Kazimili, akauliza, "Shangazi wa kumtoa mwali yuko wapi?" Unajua kwetu, Priscila. Binti hatoki kwa baba yake mpaka dada wa baba amshike mkono. Na mimi nina dada wangapi? Mmoja! Ningekuwa na wawili, ningekwisha kukusahau.

Saa nne ndiyo inaingia meseji yako: "Kaka, kabeni imekufa, siwezi kuja." Wifi yako akashika kichwa akidhani ni mtu. Wakwe wamekula, wamerudi kwao bila bibi harusi. Haya, nieleze. Kabeni ni kitu gani hicho cha kuvunja harusi ya mtoto wangu?

Kaka yako,
Frednand

*

Dar es Salaam
28 Februari 2025

Kaka Frednand,

Shikamoo. Natumaini hasira zimepungua kidogo. Mimi sijambo kiafya. Pole sana, kaka, na mwambie Anneth nampa pole. Meseji ile niliiandika nimechanganyikiwa.

Kabeni ni kaboni ambayo haijatimia. Kaboni ya kawaida ina mikono minne na yote imeshika kitu. Hii imeshika kwa miwili tu, kwa hiyo ina uchu wa kushikana na chochote kilicho karibu. Hewa ikiigusa, imeharibika. Unyevu kidogo, imeharibika. Kazi yangu ni kuishikanisha na nikeli kabla haijaharibika. Zikishashikana vizuri zinakuwa kichocheo, kitu cha kuunganisha vipande viwili vya kemikali viwe dawa. Fikiria mshenga: anawakutanisha watu wawili, wakishaungana anaondoka vilevile alivyokuja, anakwenda kwa wengine. Siku hizi viwandani hutumia paladiamu, madini adimu sana. Sisi tunataka nikeli iifanye kazi hiyo.

Ninafanyia ndani ya sanduku kubwa la kioo lililojaa gesi ya naitrojeni, mikono nimeiingiza kwenye glavu ndefu za mpira. Ile Ijumaa alfajiri, kabla sijapanda basi la kuja huko, mtungi wa gesi uliisha na hewa ikapenya. Kazi ya miezi mitano ikageuka tope la kahawia mbele ya macho yangu.

Kaka, huu ni mwaka wangu wa sita wa utafiti huu. Chuo kimenipa mpaka mwisho wa Septemba. Nisipothibitisha kwamba nikeli na kabeni vimeshikana kweli, nitarudi Kanazi mikono mitupu. Niwekeeni Mei. Mei nakuja.

Mdogo wako,
Priscila

*

Kanazi, Ngara
27 Mei 2025

Priscila,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila aibu haiuguzwi hospitali.

Mei umekuja? Hukuja! "Mtambo umeharibika." Haya.

Eti mshenga anaondoka vilevile alivyokuja. Nani kakudanganya? Mzee Kazimili amekuja hapa mara nne kuuliza habari zako na hajaondoka hata siku moja bila mkungu wa ndizi. Nikadhani nikiwaeleza majirani kazi yako watanielewa. Nikasema dada yangu anahangaika na nikeli. Kosa! Si unajua nikeli ya mgodi wa Kabanga hapa jirani ilivyowapanda watu kichwani? Sasa wananiletea mawe nikutumie uyapime. Uani kwangu hapapitiki, juzi wifi yako amejikwaa na ndoo ya maji.

Padri amesoma matangazo ya ndoa hii Jumapili tatu kabla ya ile harusi ya Februari, na Jumapili tatu za mwezi wa tano. Watu wameyajua kwa kichwa. Safari hii walikuwa wanamsaidia kusoma.

Hayo yote ningeyavumilia. Ila Anneth amepungua, Priscila. Wiston, mchumba wake, ni kijana mwema, bado anasubiri, lakini mama yake ameanza kusema labda ukoo wetu una neno na wao. Na mtoto mwenyewe haniulizi habari za Wiston. Ananiuliza, "Baba, shangazi hanipendi?" Nimjibu nini? Nimwambie shida ni kaboni?

Kaka yako, tena aliyechoka,
Frednand

*

Dar es Salaam
8 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako, nikaikunja, nikaisoma tena. Sina la kujitetea.

Panga Jumamosi ya tarehe 23 Agosti. Mwambie Anneth nampenda. Mwambie leo hii, usingoje.

Mdogo wako,
Priscila

*

Kanazi, Ngara
15 Agosti 2025

Priscila,

Salamu baadaye. Barua hii naipiga picha nikutumie kwenye simu, maana ya basi itachelewa.

Jana umeniletea meseji: "Kaka, fuwele za nikeli na kabeni zimeota, nzuri kama chumvi ya mawe, lakini mashine ya kuzipiga picha nione kama vimeshikana nimepangiwa Jumatano tarehe 20, sijui kama nitawahi." Hujui! Padri ameshasoma matangazo mara mbili tena, Jumapili hii anamaliza. Maharage ya watu mia tatu yameshachambuliwa. Wewe hujui!

Sikiliza sasa. Mimi kubembeleza basi. Shangazi akishindwa kuja kwa mwali, mwali ataenda kwa shangazi. Anneth nimempandisha basi la leo alfajiri. Kesho atashuka hapo, uende ukampokee stendi. Kaa naye, mfunde huko huko kwenye sanduku lako la kioo, mwambie yote ambayo shangazi humwambia mtoto. Kisha Alhamisi umpandishe basi arudi. Ukipanda naye, vizuri. Usipopanda, tutamtoa wenyewe, na mimi sitakuandikia tena barua mpaka naingia kaburini. Nimesema.

Mpe chakula. Safarini huwa hali.

Frednand

*

Dar es Salaam
20 Agosti 2025, mchana

Kaka Frednand,

Shikamoo. Hatujambo wote wawili. Barua hii nami naipiga picha niitume kwenye simu, maana nikiitia kwenye basi itafika pamoja na sisi.

Nilipomwona Anneth pale stendi amekumbatia begi lake, nilikukasirikia mpaka nikasahau kumsalimu. Tangu hapo tumekaa naye maabara mchana kutwa. Anasimama kwenye kioo, anatazama fuwele zangu, anauliza maswali kuliko wanafunzi wangu. Siku mbili nikajidanganya kwamba huko ndiko kumfunda.

Juzi akaniambia, "Shangazi, sasa niambie yale mashangazi wanayosema." Kaka, sikuwa na kitu. Shangazi yetu Josefina alifariki kabla hajanikalisha chini. Mimi nina miaka thelathini na tisa, sijaolewa, na wala sioni kama nimepungukiwa. Lakini nilikuwa nawaona kichwani akina mama wa Nyabusozi wamenizunguka, wananiuliza, "Na wewe mumeo yuko wapi, mpaka umfunde mtoto wa watu?" Nilikuwa nalisikia swali hilo hata nikiwa nimelala.

Februari kabeni ilikufa kweli. Ila Mei mtambo haukuharibika. Ulikuwa mzima kabisa. Tiketi nilikuwa nayo mkononi, nikafika stendi, nikarudi chumbani kwangu nikakuandikia uongo. Na hizi fuwele zilipoota wiki iliyopita, nilishukuru Mungu mara mbili, mara moja kwa ajili ya kazi, mara ya pili kwa sababu nimepata pa kujificha. Nilimwambia Anneth yote hayo huku nimefunika uso. Akanitoa mikono usoni, akasema, "Basi unishike mkono tu. Mengine mama ameshaniambia."

Leo asubuhi mashine imetoa picha. Nikeli iko katikati na kaboni imeishika barabara. Miaka sita, kaka! Nilipiga kelele, na Anneth akapiga vigelegele mpaka watu wa ofisi ya pili wakaja kuchungulia. Bado kuna vipimo vya kurudia kabla ya Septemba kuisha, na wiki hii ninaihitaji sana. Nimemwachia mwenzangu Suzan funguo za sanduku. Akikosea, amekosea.

Kesho tunapanda basi wote wawili. Nina ombi moja. Wakwe wakifika, usiwaambie nilichelewa kwa ajili ya kaboni wala nikeli. Waambie shangazi aliogopa.

Shangazi yake Anneth,
Priscila

*

Ujumbe wa simu
20 Agosti 2025, saa kumi na moja jioni

Siwaambii kitu. Mdomo unao, utawaambia mwenyewe. Swali la mumeo wakikuuliza, mimi nitakuwa nimesimama nyuma yako, tuone nani atauliza mara ya pili. Basi likipita Nyakahura nipigie, nije stendi na pikipiki mbili. Na simu upokee!

Kaka yako