Shika Mkono Kwanza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu na wodi ya wazazi bado inatetemeka ukiingia. Sisi hatujambo. Mkweo anakoroma kama kawaida yake, kwa hiyo ujue ni mzima.

Uliniuliza kwenye simu lile doa langu limefikia wapi. Unakumbuka, kazini tuna ramani ya anga yenye madoa ya miale ya gama, mwanga mkali usioonekana kwa macho, na mengi hatujui yanatoka wapi. Langu nilishuku ni pulsa: masalio ya nyota iliyokufa, yanayozunguka kwa kasi na kutumulika kila yakigeuka. Lakini bila kulipata pigo lake, kule kuwaka na kufifia kwa mpangilio, hayo ni maneno matupu.

Mwaka jana nikadhani nimelipata. Nikatangaza, keki ikakatwa, kumbe lilikuwa pigo la chombo chetu wenyewe, setilaiti inayopima miale hiyo kule juu! Tangu siku hiyo wenzangu wananiita Keki. Mkuu wetu akasema nikikosea tena, doa atampa mwingine.

Mwezi uliopita nikapata pigo jingine, mara kumi na moja kwa sekunde. Nikataka kumpigia mkuu papo hapo. Ndipo nikakumbuka unavyowafokea wanafunzi wako: ukiweka pembe ya kumsikiliza mtoto tumboni, shika mkono wa mama kwanza, mapigo ya mkononi na ya kwenye pembe yakienda pamoja, umemsikia mama, mtoto bado. Nikafunga mdomo, nikalitafuta pigo lile kwenye madoa mengine. Lingekuwa la chombo, lingekuwapo kote. Halikuwapo! Mkuu, kwa ubishi wake, alihesabu upya wiki nzima, kisha akaniletea keki aliyoinunua mwenyewe. Alipouliza nani kanifundisha, nikamwambia ni mkunga. Alidhani namtania.

Sasa mama, nina la kuungama, na usininunie. Kuna jambo nimekuficha miezi mitano. Baada ya aibu ile niliapa sitatangaza tena kitu nisichokihakiki, hata kwako. Ungeniona usoni mara moja tu ungejua, ndiyo maana sikuja likizo. Nisamehe.

Jana mkunga wa huku, hodari ingawa hakufikii, aliniwekea pembe tumboni. Nikamwomba anishike mkono kwanza. Alihamisha pembe mara mbili, mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akacheka: pigo la tumboni linakimbia karibu mara mbili ya langu.

Wasalimie wote nyumbani. Pembe yako ifunge vizuri kwenye kanga, uje nayo.

Ni mimi mwanao,
Keki