Mil Tisini

Hallunda, 17 Februari

Mwanangu Anselmo,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ni goti tu linalonung'unika kwenye ngazi za dada yako. Wewe je, kifua kimepona? Theresia mzima, anakusalimu. Mwanawe Axel naye hajambo, ila nikimngoja aniamkie shikamoo ananiambia "hej mormor", hujambo bibi ya Kiswidi, na kukimbilia chumbani. Nitamnyoosha kabla sijaondoka.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "sawa Mama, sawa Mama", halafu unakata. Nimefika Sweden tangu tarehe mosi. Ndege yangu ya kurudi ni tarehe kumi na sita Machi. Miaka kumi na moja sijakushika uso, na wewe kila wiki unaniambia theluji, theluji. Theluji ipi? Hapa Stockholm nikiangalia dirishani naona maji yanachuruzika kutoka mapaani. Jana nimeona mtu anakula aiskrimu barabarani! Nilimwuliza Theresia kwako ni mbali kiasi gani, akasema mil tisini. Tisini! Hata Makambako hadi Iringa hazifiki, na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akienda asubuhi na kurudi jioni kwa lori bovu. Kama hutaki kuniona, sema.

Mama yako

Boden, 21 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, usiwe na wasiwasi. Barua yako nimeipata baada ya kulichimbua sanduku la posta kwa sepetu. Nimeisoma, nikacheka, nikalia, nikacheka tena.

Mama, mil si maili. Mil moja ya Waswidi ni kilomita kumi. Kilomita mia tisa, Mama! Ungetoka Makambako ukafika Dar es Salaam, ukageuza ukarudi hadi Morogoro, na bado ungekuwa na safari. Nchi hii ni ndefu. Nyinyi huko mnakanyaga maji, sisi leo asubuhi ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Na kazi yangu ndiyo hiyo hiyo theluji, naendesha gari la kuisukuma barabarani. Tulikuwa madereva watatu, Thomas akavunjika mguu, tumebaki wawili. Nikiondoka siku mbili, gari la wagonjwa halipiti.

Eti sitaki kukuona? Kitanda chako nimekinunua tangu Novemba. Mpaka leo hakijavuliwa nailoni.

Mwanao, Anselmo

Hallunda, 26 Februari

Mwanangu,

Amani iwe nawe. Goti limetulia, lakini mwenyewe nimeona haya mpaka masikioni. Miaka thelathini nimefundisha jiografia darasa la sita, nimewachapa watoto wa watu kwa kukosea skeli ya ramani! Usimwambie mtu yeyote. Nisamehe kwa maneno yangu.

Jana nimeitandaza mezani ramani ya shule ya Axel, nikapima kwa uzi. Uzi ukaisha! Axel akaja mwenyewe, akaweka kidole juu kabisa akasema, "Bibi, Mjomba iko hapa." Kwa Kiswahili, na hakuna aliyemlazimisha. Nimemkumbatia mpaka akapiga kelele.

Sasa niambie ukweli. Treni inafika kwako? Theresia hataki hata kusikia, anasema goti, anasema baridi. Mimi niliyezaliwa Makete leo natishwa na baridi! Kile kitanda kimeniondolea usingizi.

Mama yako

Boden, 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, nimechoka tu. Treni inafika, tena mtu analala humo humo akaamkia huku. Ila nakuomba, usije sasa. Wanatabiri dhoruba ya theluji kutoka milima ya Norwei, na ikija treni zinakwama katikati ya msitu. Nikipata siku tatu tu kabla ya tarehe kumi na sita, nitakuja mimi mbio. Niombee ikatike.

Mwanao, Anselmo

Ndani ya treni, 11 Machi, asubuhi

Mwanangu,

U mzima? Hii siitii posta, nitakukabidhi mkononi. Uliniambia nisije. Nilikusikia. Nimekuja. Theresia alilia, kisha akanikatia tiketi, akanivalisha nguo mpaka nikashindwa kukunja mikono. Ameahidi hatakwambia, ila yule namjua, siri haikai kwake.

Jana jioni Stockholm ilikuwa inanyesha mvua. Nimeamka, kweupe kila mahali, na jua, Anselmo! Jua kali juu ya theluji inayofika madirishani mwa nyumba! Laiti ningekuwa na darasa langu lote humu, nifundishe bila ubao.

Saa tatu. Upepo umeinuka, jua limepotea. Tumesimama Älvsbyn, theluji imefunika reli, tunahamishiwa kwenye basi. Jirani yangu ni binti Mrundi, Ghislaine, anasoma Luleå, ananitafsiria kila kitu. Ananiambia, "Mama, bado mil ine na nusu, tutafika tu." Nimezidisha mwenyewe, sikumwuliza mtu.

Saa nne. Nje haionekani kitu, samahani kwa mwandiko. Mbele yetu kuna gari kubwa la taa ya njano linasukuma theluji pembeni, sisi tunalifuata pole pole. Nilidhani ni wewe, moyo ukaruka, kisha nikajicheka, madereva wa theluji nchi hii ni wengi. Dereva wetu anaongea naye kwa redio. Ghislaine anasema yule wa mbele amesisitiza tusikimbie, eti kuna mzigo wake humu ndani. Vipuri, labda. Namhurumia mama yake, kama anajua mwanawe yuko peke yake kwenye upepo kama huu. Nimemsalia Salamu Maria tatu.

Tumefika Boden. Gari la taa ya njano nalo limesimama. Dereva ameshuka, amevua kofia kwenye baridi yote hii, mjinga, atapata kifua. Anakuja kwenye mlango wetu. Anatembea amelaza bega la kushoto, vile vile kama marehemu baba yako.

Yesu wangu. Mzigo ni mimi.