Kuku wa Ndugu Selemani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Mwanao sijaacha kupayuka, kwa hiyo nivumilie. Nakuandikia kwa sababu kitukuu chako Rehema, mwenye miaka tisa, amenitia hofu. Wiki iliyopita nilimkuta mbele ya televisheni anakula chipsi kuku huku watu wanachinjwa. Siku hizi hawafichi kitu, Baba. Shingo unaiona, kisu unakiona, damu inajaa kioo kizima. Nikazima. Akaniangalia kwa huruma, utadhani mgonjwa ni mimi.

"Bibi, usiogope," akasema. "Hao ni wa kufa tu. Stelingi mwenyewe wa filamu hafi."

Hao ni wa kufa tu! Neno hilo lilinichoma. Damu naijua, nimekuwa muuguzi maisha yangu yote. Kilichonitisha ni kwamba mtu anaanguka, na mjukuu wangu hata kutafuna haachi. Nikakataza televisheni, akaenda kuangalia kwa jirani. Nikagomba, akaitikia "ndiyo Bibi" ile ya kunipumbaza. Nikaona nitampoteza mtoto mwenyewe yupo sebuleni kwangu.

Ndipo nikakukumbuka wewe na gari lako la sinema ulilozunguka nalo vijijini, nikajikuta nacheka peke yangu jikoni.

Unaikumbuka likizo ile uliyonichukua hadi Msimbati? Ulivaa kaunda suti yako ya kijivu, kipaza sauti mkononi, na wanakijiji walikuita Ndugu Mkalimani. Magharibi ilipopita tu, ukatandaza shuka jeupe ukutani kwa ofisi ya kijiji. Kwanza ukawaonyesha picha ya kupalilia mikorosho. Wakaiangalia kwa adabu, maana mwenyekiti alikuwepo. Kisha likaja picha lenyewe, la farasi na bastola, na wewe ukawa unatafsiri. Kiingereza chenyewe, Baba, tusidanganyane, ulikuwa unakiokoteza. Palipokupita ulitunga.

Kila mtu alipoanguka watu walishangilia. Mimi nilikuwa nimekaa mchangani mbele kabisa, nashangilia kuliko wote. Mara jambazi mmoja mwenye masharubu akapigwa risasi, akaporomoka kutoka kwenye farasi, na sauti yako ikatulia.

"Ndugu wananchi, huyo aliyeanguka anaitwa Ndugu Selemani. Ana mke na watoto wanne. Wa mwisho hata jino hajaota."

Kijiji kizima kikanyamaza. Nikasikia kina mama nyuma yangu wanasema maskini, maskini. Hakuna aliyeshangilia tena hadi mkanda ulipokwisha. Nilipokuuliza umemjuaje yule mtu, ulinijibu huku unakunja shuka: "Simjui. Ila nimechoka kuona watu wanamshangilia mtu anakufa. Nikimpa jina, wananyamaza."

Asubuhi tunapakia mashine, akaja Bi Somoe, mjane mmoja wa pale kijijini, kuku kwapani. Nyuma yake kina mama wawili na unga wa muhogo. Akakukabidhi yule kuku, akasema kwa lafudhi yake ya Kimakonde: "Huyu wa nfiwa. Npelekee mke wa Selemani, umwambie tumesikia."

Ukaanza kumweleza ukweli. Mwenyekiti akakunong'oneza kwamba kukataa rambirambi ni kuwatukana. Basi tukarudi Mtwara na kuku wa mfiwa miguuni kwangu, ananidonoa njia nzima.

Mama akachemsha maji ya kumnyonyolea, ukamzuia. Ulisema huyo ni amana. Tukamfuga. Akataga, akaatamia, sisi tunameza mate tu. Na wewe kila mwezi unaandika barua Dar es Salaam, kwenye ghala la mikanda, kuomba picha lolote ambalo yule mwenye masharubu hafi. Sijui walikuonaje huko ofisini, mwenzangu. Walikucheka, nina hakika.

Picha likaja. Tukarudi Msimbati na kuku na vifaranga saba kwenye tenga. Shuka likatandazwa, mikorosho ikapaliliwa tena, halafu yule bwana akatokea, amekaa mezani anakula, masharubu yaleyale. Bi Somoe alisimama mbele ya mashine, kivuli chake kikafunika nusu ya shuka.

"Selemani huyo! Nzima!"

Vigelegele vilivyopigwa, Baba, mpaka leo navisikia. Watu walikumbatiana, wengine wakacheza, hakuna aliyefuatilia picha tena. Nawe ukatangaza kwenye kipaza sauti kwamba Ndugu Selemani alipona majeraha, anawashukuru kwa rambirambi, na anazirudisha na nyongeza. Ukamkabidhi Bi Somoe tenga lake. Akahesabu vifaranga, akakuambia umfikishie Selemani salamu, na aache ujambazi. Ulicheka hadi ukakaa chini mchangani.

Basi Jumamosi hii nilimsimulia Rehema habari hiyo yote, kisha nikamwambia awashe televisheni yake. Nikaketi naye. Akaanguka wa kwanza, nikasema huyo ni Hamisi, fundi baiskeli, mama yake anamsubiri na chai. Rehema akaguna, "Bibi, acha hizo." Akaanguka wa pili, nikasema huyo ni Joseph, kesho alikuwa anaoa. Akaniambia ninamharibia filamu. Nikajibu ndiyo kazi niliyorithi.

Wa tatu alikuwa mlinzi tu wa getini, alionekana kwa sekunde chache, akakatwa panga. Nikanyamaza makusudi. Televisheni ikaendelea kupiga kelele zake. Rehema akaacha kutafuna.

"Bibi, na huyu anaitwa nani?"

Nikamwambia sijui, mpe jina wewe. Akafikiri. Akasema anaitwa Ndugu Selemani, ana mtoto mmoja, msichana. Halafu akachukua paja la kuku, Baba, paja lenyewe ambalo huwa hagawi na mtu, akalisogeza pembeni ya sahani.

"Hili la nfiwa," akasema.

Nina furaha hadi mwandiko umepinda. Pumzika kwa amani, Ndugu Mkalimani. Kuku amefika.

Wako,
Binti yako mpayukaji, bibi yake Rehema