Kumbishia Mamamkwe kwa Kijojia

Carrollton, Texas
21 Mei 2020

Mpendwa Mama Mdogo Prudensia,

Nakusalimu kwa moyo wote. Magoti yako yanaendeleaje, na wote hapo Uvira wanaishije katika siku hizi za ugonjwa? Sisi tu wazima, Mungu anatushika.

Mama Mdogo, ndoa ni tamu. Miezi mitatu sasa, na bado Zurab wangu akipiga simu kutoka kwenye lori lake nakimbilia kioo kwanza, kana kwamba ataniona. Akirudi baada ya wiki mbili analeta maua ya kituo cha mafuta. Nayakausha yote ndani ya Biblia.

Taabu iko humu ndani. Mama yake, Mama Tsiala, alikuja kutoka kwao Georgia, ile nchi iliyo jirani na Urusi, si jimbo la hapa Marekani, kwa ajili ya harusi yetu, kisha ndege zikasimama. Hajui Kiingereza, mapafu yake ni dhaifu, na hataki nitoke hata kutupa takataka. Siku nzima natazama magari yaliyoegeshwa.

Basi najifunza Kijojia, lugha yao. Mwanzo nilijua ndiyo na hapana tu, na kwa hayo mawili huwezi kumbishia mkwe kwa heshima. Sasa ninayo "magram", ndiyo "lakini" yao. Ninayo "aramed", ya kusahihisha: si chai, aramed kahawa. "Ki" naipenda zaidi, maana hukaa nyuma ya yule unayemtenga na mwenzake: Zurab yuko barabarani, mimi ki niko nyumbani.

Wiki iliyopita ghala nilikokuwa nikifanya kazi kabla ya ugonjwa liliniita nirudi kazini Jumatatu, la sivyo nafasi yangu apewe mwingine. Nilifanya mazoezi bafuni, kisha nikamwambia Mama Tsiala kwamba nampenda sana, magram Jumatatu naenda kazini.

Akapangusa unga mikononi. "Ndiyo, deda," akasema, "magram hapana."

Deda ni mama. Kwao mama humwita hivyo mtoto wake mwenyewe, kama wewe ulivyokuwa ukiniita mama nikiwa mdogo. Mama Tsiala hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku hiyo.

Jumatatu alfajiri Cécile, ambaye hunichukua kwa gari lake, alipiga honi mara mbili, akangoja, akaondoka. Mama Tsiala alikuwa bado amelala. Ufunguo ulikuwa mlangoni. Nilisimama dirishani nimevaa sare ya kazi, na tangu siku hiyo siwezi kusema kwamba ni yeye aliyenifungia.

Nisalimie Baba Godefroid na kaka Vital. Mungu awafunike kwa mkono wake mpaka tuonane.

Ni mimi, mwanao anayekupenda mno,
Clarisse