Mkono wa Mama Mkwe kwenye Chaja

Kitale,
Jumanne, 23 Septemba 2025

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Kitale. Goti lako linaendeleaje na baridi hii ya mvua? Na ile dawa ya kupaka niliyomtumia Mama, ilifika? Sisi huku tu wazima. Ivy anatembea vizuri, kidonda cha upasuaji kimefunga, na mtoto ananyonya hadi anasinzia na titi mdomoni. Leo ametimiza wiki sita. Una mjukuu mwenye mapaja manene, Baba, ingawa hujamwona.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu huzishiki. Tangu Ijumaa nimekupigia mara tisa. Lakini wewe ulikuwa karani wa serikali miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kukuona ukiweka kando karatasi kabla ya kuisoma yote. Basi na hii isome yote. Nimempa Baba Mdogo Wabwile akukabidhi mkononi, kwa kuwa ndiye aliyeniletea maneno yako.

Alikuja Alhamisi, akala ugali na kuku, akajipangusa mdomo, ndipo akayatoa. Alisema wewe na wazee wa ukoo mmekaa na kuamua kwamba mtoto wetu hataingia boma lako mpaka mama mkwe wangu alete mbuzi na kuomba radhi mbele yenu, kwa sababu alikaa kiti cha mbele cha gari langu, bega kwa bega na mimi, kutoka kule juu ya Kachibora hadi Kitale. Alisema Kanduyi nzima inacheka. "Ati mama mkwe mzima anakaa mbele na mkwewe kama bibi yake! Si hata kanisani imefika, bana," ndivyo alivyosema, kisha akaomba chai.

Siku ile nilinyamaza kwa sababu alikuwa mgeni wangu. Leo sinyamazi. Mbuzi huyo haji, Baba. Mama mkwe alikuwa ameshamtenga, mbuzi wake wa pekee wa maziwa, na Ivy alilia usiku mzima aliposikia. Nimemtumia ujumbe amrudishe zizini. Kama kuna atakayekasirika, anikasirikie mimi.

Usije ukasema mji umeniharibu. Mila naijua, ulinilea nayo. Miaka mitatu tangu nimwoe Ivy sijawahi kumpa mama yake mkono. Akija kututembelea, mimi napita mlango wa nyuma. Chakula chake anakula chumba kingine. Nikiwa na neno la kumwambia, namwambia Ivy, naye Ivy anamwambia, hata kama sote watatu tumesimama ua mmoja na kila mtu anasikia. Nimefanya hivyo bila kunung'unika hata siku moja, na yeye vilevile.

Sasa nikueleze ilivyokuwa Jumanne ile, maana wewe umeisikia kwa watu walioisikia kwa watu.

Ivy alikuwa amekwenda kwao kupumzika, kule kwenye mashamba ya juu ya Kachibora. Daktari wa huku Kitale alikuwa ameona mtoto amelala kikingama tumboni, akatupangia siku ya upasuaji, Jumatatu iliyofuata. Alituonya kwamba uchungu ukianza kabla, tusithubutu kungoja, wala tusijaribu kuzalisha nyumbani, la sivyo tutampoteza mama au mtoto au wote wawili. Jumanne saa sita mchana Ivy alinipigia akilia. Uchungu ulikuwa umeanza. Nilifunga duka nikashika barabara.

Hapa kuna aibu yangu ndogo, nakupa uicheke. Unajua kazi yangu ni kutengeneza simu na kuuza vifaa vyake. Asubuhi ileile alikuja mteja, Wanyoike, mfanyabiashara wa viazi, akitaka chaja ya gari iliyo na nguvu. Zilikuwa zimeniishia. Nikatoka nje, nikang'oa yangu kwenye gari, nikamuuzia, nikijua nyingine zitakuja Ijumaa. Nikabaki na kachaja kazee kasikokaa vizuri kwenye tundu. Gari likigonga jiwe, kanaruka, na simu inaacha kupokea chaji. Kwa hiyo mwenye duka la chaja ndiye aliyepanda Kachibora na chaja mbovu. Haya, cheka.

Nilipofika kwao Ivy, stima ilikuwa imepotea siku ya pili. Simu yangu ilikuwa na asilimia kumi na tisa, ya Ivy ilikuwa imezima. Tulimlaza kiti cha nyuma, miguu ameikunja, blanketi juu. Mama mkwe hakuuliza akae wapi. Alifunga nguo za mtoto kwenye mfuko wa plastiki, akamwita Kiplagat wa bodaboda, akapanda nyuma yake ili atufuate. Mvua ilikuwa imeshaanza kumwagika. Mwanamke wa miaka hamsini na minane alikubali kunyeshewa safari nzima ili asikae gari moja na mimi. Huyo ndiye mnayemwita asiye na haya.

Hatukufika mbali. Kalvati ya chini ilikuwa imebebwa na maji, na barabara imekatika katikati. Mzee mmoja ng'ambo alituashiria kwa fimbo tuzunguke kupitia mashambani. Wewe unajua Trans-Nzoia mwezi wa nane, Baba. Mahindi yamezidi gari kwa urefu, kulia mahindi, kushoto mahindi, na kila kijia ni sawa na kile ulichotoka. Mimi ni mtu wa Kanduyi, huko naijua barabara kuu tu. Kona ya kwanza nilikata kwa kubahatisha, tukaishia kwenye lango la ghala la mtu, limefungwa kwa mnyororo, na mbwa wawili tu wa kuuliza njia. Kurudi nyuma pekee kulitula dakika ishirini, na Ivy alikuwa ameanza kuuma blanketi.

Nilikuwa na ramani kwenye simu. Niliwahi kuihifadhi, kwa hiyo haikuhitaji mtandao. Lakini ramani inakula chaji vibaya. Kioo lazima kiwake, simu inatafuta kila dakika uko wapi, inapata joto, na bila chaja unaiona ikiisha hivi hivi. Nilipunguza mwanga hadi nikawa nakodoa macho. Nilifunga kila kitu kingine. Kumi na nne. Kumi na mbili. Nilikunja karatasi nikaishindilia kando ya chaja, ikaruka. Nikafunga kwa mpira, ikaruka. Nikaishika kwa mkono wangu, gari likateleza ubavu mpaka ukingo wa mtaro na Ivy akapiga ukelele ambao hadi leo nausikia. Tope lile lilitaka mikono yangu yote miwili. Asilimia kumi.

Hapo ndipo pikipiki ya Kiplagat ilipokwama nyuma yetu, tope hadi kwenye injini. Alisema hawezi tena, anarudi. Mama mkwe alishuka akasimama kwenye mvua, mfuko wa nguo kichwani. Kisha aliingia kwenye gari langu, mbele. Kiplagat aliona mlango ukifungwa, akageuza, akarudi na habari hiyo Kachibora: "Huyo mama ameingia tu mbele, mimi nimeona." Kutoka Kachibora ikashuka hadi kwenu. Kuhusu mlango ule nitakuambia zaidi huko chini.

Mama mkwe aligeuza uso dirishani, akajifunika leso kichwani, halafu mkono wake wa kulia akaunyosha nyuma kama mtu anayetafuta kitu gizani. Nilimwambia ilipo chaja. Aliweka kidole gumba juu yake, akaibana ndani ya tundu. Simu ikalia, ikaanza kupokea.

Tundu lenyewe liko chini ya gia. Kila nikibadilisha gia, ngumi yangu iligusa mkono wake. Mara ya kwanza aliurudisha haraka, chaja ikaruka, simu ikashuka hadi nane. Akaurudisha mwenyewe. Mara ya pili hakuutoa. Baada ya hapo tuligusana mara ngapi sijui, barabara ile ni ya gia ya kwanza na ya pili tu. Naliandika hili wazi ili asije mtu kulichimbua baadaye na kulifanya siri. Ndiyo, niligusa mkono wa mama mkwe wangu, tena na tena, kwa muda wa saa moja na nusu.

Uso wake haukutoka dirishani hadi Ivy aliponyamaza ghafla kule nyuma. Hapo aligeuka, akamwita, Ivy akajibu kwa sauti ndogo. Na alipogeuka akaiona ramani. Tangu hapo alianza kuniambia, mimi, moja kwa moja, bila mtu wa katikati: "Kushoto hapo mbele. Pole pole, kuna shimo. Bado kidogo. Sasa kulia." Ndiyo maneno ya kwanza ya utulivu aliyowahi kunipa. Kachaja kale kalikuwa kanapunguza tu kasi ya kuisha, tukatokea kwenye lami tukiwa na asilimia sita.

Daktari alisema nusu saa zaidi ingekuwa habari nyingine. Mtoto alitolewa saa kumi na moja kasoro jioni, akalia papo hapo. Pale kwenye benchi ndipo nilipoona kidole gumba cha mama mkwe. Kachaja kale kanapata moto kakifanya kazi sana, na kalikuwa kamemchoma, lengelenge kubwa limetuna. Saa moja na nusu hakusema hata "uwi". Muuguzi alimuuliza ameungua wapi, akajibu jikoni.

Sasa wazee wako wanauliza kwa nini hakukaa nyuma. Nyuma kulikuwa na binti yake amelala. Wanauliza kwa nini sikuuliza njia. Ningemuuliza nani, mahindi? Wanauliza kwa nini hatukungoja mvua ikatike. Huyo anayeuliza hilo mwambie aje amwangalie mjukuu wako usoni, kisha aulize tena.

Na kuna jambo moja ambalo limenikera kuliko yote. Katika uamuzi wenu wote, mimi sikutozwa hata kuku. Gari langu, simu yangu, chaja yangu mbovu, mke wangu, halafu mwenye kosa ni yeye peke yake. Baba Mdogo alinieleza kwamba mlisema mimi nilikuwa nashika usukani, ningemfanyaje mwanamke aliyeingia mwenyewe.

Baba, hakuingia mwenyewe. Nimekaa na neno hili wiki sita na limenitafuna. Pale kwenye tope, nilipomwita aje anishikie chaja, alikataa. Alisema atatembea kwa miguu mbele ya gari atuonyeshe njia. Nilimwita tena, akasema afadhali nimwache pale pale barabarani, lakini mbele hawezi kukaa, hata watoto wake wangemwona vipi. Alikuwa analia, nami nikaona simu imeandika kumi. Basi nilishuka, nikasimama mbele yake, nikampigia kelele, mimi mwanao uliyenifundisha hata kutomtazama machoni. Nilimwambia, "Panda mbele, ama umzike Ivy pamoja na hiyo mila yako!" Nilifungua mlango kwa nguvu nikaushikilia mpaka akaingia. Kiplagat alikuwa na kofia yake ya pikipiki masikioni, hakusikia. Aliona mlango tu.

Watu walipoanza kusema, nilinyamaza. Niliona ni rahisi waseme mama yule ameingia mwenyewe kuliko wajue nilivyomkemea. Naye pia hakunitaja, hata kwa Ivy, ambaye kwa uchungu ule hakusikia kitu. Alikuwa tayari kuleta mbuzi wake Kanduyi na kufa na neno langu moyoni.

Kwa hiyo Jumapili nilikwenda kwake, mimi peke yangu, na mbuzi wangu niliyemnunua. Nilisimama nje ya ua kama inavyompasa mkwe. Sikumtuma mtu. Niliomba radhi kwa sauti, kwa kelele zangu na kwa wiki sita za kunyamaza. Kwa kiti sikuomba, na sitaomba. Nilimsikia akitua sufuria kule ndani. Halafu akatoka hadi mlangoni, akaniambia mvua ya siku ile ilikuwa kubwa mno, yeye hakusikia nilichosema.

Alisikia, Baba. Nilikuwa hatua moja kutoka usoni pake.

Jumamosi ya tarehe nne Oktoba tutafika Kanduyi saa nne asubuhi: mimi, Ivy, mtoto na mama mkwe, gari moja. Haji kuomba radhi, anakuja kama nyanya ya mtoto. Nyumbani kwako atakaa mbali nami kama kawaida, hilo yeye mwenyewe amelitaka na mimi naliheshimu. Lakini ukimfungia lango yeye, umetufungia sote wanne, na nitageuza gari papo hapo. Kama wazee lazima wapate mtu wa kumhukumu, waambie nitasimama mbele yao niwarudilie kelele zile neno kwa neno, wamsikie aliyezipiga.

Nisalimie Mama, mwambie mtoto amechukua paji lake la uso. Wasalimie majirani, hata wale wanaocheka. Wewe nakutakia nafuu ya goti, na nakupenda kama siku zote, ingawa safari hii sikubaliani nawe hata kidogo.

Ni mimi mwanao mwenye kosa,
Kizito