Nauli ya Vyungu

Alhamisi, 3 Machi 2005

Mvua tangu asubuhi. Mgongo hauna raha. Nimeshinda nikifunga vyungu kwa nyasi na magunia – vya yule mama wa Dar aliyeviona kwenye kompyuta. Coleta, mtoto wa dada, ndiye anayeweka picha kwenye tovuti huko mjini kwao. Mimi huku nanunua kwa Mama Agnesi wa Muze, nafunga, nasafirisha. Nauli imezidi bei ya vyungu vyenyewe! Njia ya Tunduma imeoza, na chungu hakitaki kurushwarushwa. Kaka Flavian amevipakia jioni kwenye lori lake, juu ya mahindi.

Jumatatu, 7 Machi

Nimeitwa ofisi ya kodi. Kijana anaitwa Bwana Nestory. Kaniamkia vizuri, kanipa kiti. Kisha akaeleza: chochote mteja anachonitumia ni mauzo yangu, nauli ikiwemo. Kwa hesabu hiyo nimepanda daraja la walipa kodi, kodi nayo imepanda. Nikamwambia nauli hailali kwangu hata siku moja, inakwenda kwa dereva. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Risiti ya msafirishaji iko wapi, mama?”

Sina. Sijawahi kuwa nayo.

Jumanne, 8 Machi

Intaneti kafe, foleni, umeme unakatika. Jana Nestory alishauri wateja wawe wanamlipa dereva wenyewe, ili nauli isipitie kwangu. Coleta anajibu kwamba hawatakubali, wanataka bei moja, mtu mmoja. Na hiyo ni ya mbele. Kodi ya mwaka uliopita, ninayodaiwa sasa, je? Nimelala mchana kama mgonjwa.

Ijumaa, 11 Machi

Flavian karudi, tope mpaka kifuani. Nimemwacha ale kwanza. Kisha nikamwomba risiti. Akausukuma ugali wa ulezi kwa kidole.

“Bertila, lile lori halijaandikishwa kwa watu wa kodi. Nikikuandikia risiti, najifunga mwenyewe.”

Nikamwongezea mboga. Mume wangu Felisian alipofia Mbeya, ni Flavian aliyemleta nyumbani kwa lori hilohilo, usiku kucha kwenye utelezi, na hakutaja pesa ya dizeli, siku ile wala baadaye. Amesema nilipe, atanichangia kidogo kidogo. Kwa kipi? Matairi yenyewe amekopa.

Jumapili, 13 Machi

Nimetoka misa nimemkuta Mama Agnesi mlangoni. Kapanda kutoka Muze na mzigo mpya, kapewa lifti ya gari la mchele. Uzee ule, na milima ile! Nikamwambia asubiri kwanza, asifinyange vingine, mambo ya ofisi hayajakaa sawa. Hakuelewa kodi na nauli vinakutana wapi. Hata mimi sielewi sana. Akasema tu:

“Udongo haungoji, mwanangu. Mvua ikizidi, shimo linajaa maji.”

Nimevipokea vyungu. Vimejaa sebuleni, hakuna pa kupita.

Alhamisi, 17 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya kodi. Baridi. Ukungu haujaondoka ingawa ni mchana.

Nestory ameongea na mkubwa wake. Wamekubali kunisaidia. Risiti si lazima tena – nikiwatajia aliyesafirisha watamfuata yeye, na nauli yote itaondolewa kwenye mauzo yangu. “Jina tu, mama, na namba ya gari.” Nikauliza atafanywaje. Hakunificha: atalipa kodi yake kama watu wengine, na faini, na gari litazuiliwa mpaka amalize. Nisipotaja, yote ni yangu. Na kwa kodi hiyo biashara imekwisha, ya kwangu na ya Mama Agnesi. Kisha akaenda kula. Amesema nifikirie, akirudi tumalize.

Flavian ndiye aliyenileta. Lori amelisimamisha ng'ambo ya barabara, mbele ya macho ya kila mtu. Hajui nimeombwa nini.

Amekuja sasa hivi na mahindi ya kuchoma, kanigawia lile bichi bichi ninalopenda. Kauliza wamesemaje. Nimemwambia bado wanakula. Akavua koti, akanifunika magoti, akakaa. Anasema leo hana safari, hataniacha niingie peke yangu – tutaingia wote wawili, na kama ni kunisemea, atanisemea yeye.

Nestory anavuka barabara. Amepita nyuma ya lori. Amesimama, anaitazama namba ya gari.