Waliokuja Kuimba Nyanga

Nyanga, Bukoba
14 Machi 1949

Dada Alistidia,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na mke wangu Verdiana ni mzima wa mwili. Natumaini miguu ya mama imepungua kuvimba.

Jana wenzako waliookoka walikuja kutoka Nshamba, watu saba, mwalimu Lameki akiwa mbele. Waliimba uani kwangu tangu asubuhi hadi jua likawa kali. Sikuwafukuza. Mtu kama mimi, asiyeamini kwamba kuna Mungu, amezoea kuombewa. Kisha Lameki akatangaza, mke wangu na majirani wakisikia, kwamba kule vitani Burma nilimwacha askari mwenzangu Rwegasira kando ya mto akiwa hai, na kwamba ndiyo sababu namkimbia Mungu.

Habari hiyo niliisema mara moja tu maishani. Nilikuambia wewe, jikoni kwa mama, mwaka niliorudi. Jirani yangu Hamidi huswali mara tano kwa siku na anajua mimi siswali popote. Hajawahi kuniimbia. Siku ya Idi huniletea pilau, basi. Ninyi ni watu wa namna gani?

Kaka yako,
Kagaruki

Nshamba
27 Machi 1949

Kaka Kagaruki,

Nakusalimu katika jina la Yesu, ingawa najua hulitaki. Watoto hawajambo, mvua inanyesha vizuri. Mama haendelei vizuri, uvimbe umefika magotini.

Niliungama mkutanoni kwamba nimeficha jambo lako miaka mitatu. Kwetu sisi jambo lililofichwa huoza; likitolewa mwangani, mtu hupona. Sikumtuma Lameki alitaje uani kwako, lakini sitamlaumu.

Na mimi nikuulize. Krismasi ulipokaa kitandani kwa mama, alitaka kujua kama atamwona tena baba. Ukamjibu kwa upole kwamba baba hayuko popote. Tangu siku ile hataki tuombe naye, anageukia ukutani. Sisi huimba uani, na mwenye nyumba akitaka hufunga mlango wake. Wewe uliingia mpaka kitandani kwa mgonjwa ukasema polepole. Ni nani aliyemlazimisha mwenzake?

Dada yako,
Alistidia

Nyanga
11 Aprili 1949

Dada,

Salamu kwenu. Kwangu si kuzuri. Verdiana amerudi kwao Ijuganyondo. Anasema hawezi kulala karibu na mtu aliyemficha jambo kama lile.

Mama aliniuliza, nikamjibu. Ningemdanganya ungenisifu.

Mzee Mushumbusi, baba yake Rwegasira, naye zimemfikia habari za mkutano wenu. Alikuja kwa lori mpaka hapa. Nilidhani atanipiga. Aliketi, akaniuliza, "Alikuwa na kiu?"

Nikamwambia ndiyo, alikuwa akiomba maji, na risasi zilikuwa nyingi, nami nikavuka peke yangu. Akaomba nimwandikie jina la mto ule kwenye karatasi. Hakumtaja Mungu, wala mimi sikumtaja. Sijazungumza na mtu namna hiyo tangu nirudi.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe 23 nikae na mama. Sitasema neno juu ya dini. Nawe usiniletee Lameki.

Kaka yako,
Kagaruki

Nshamba
20 Aprili 1949

Kaka Kagaruki,

Salamu. Usije Jumamosi. Mama alifariki Alhamisi, tukamzika Ijumaa Kuu.

Barua yako niliipokea yeye akiwa bado anapumua. Ningeweza kumtuma mtu kwa baiskeli. Sikumtuma. Niliogopa utasimama kaburini useme yale uliyomwambia yeye, na wazee wangekusikiliza, maana unajua kusema.

Kabla hajafa alisema jambo juu yako. Sitaliandika. Wewe ukilipata utalifanya hoja, na Lameki akilipata atalifanya ushuhuda. Yeye pia sijamwambia.

Dada yako,
Alistidia

Nyanga
2 Mei 1949

Alistidia,

Sikusalimu.

Umeninyima kumzika mama.

Nataka kuliona kaburi. Wewe sitaki kukuona. Niambie siku ambayo hutakuwepo.

Kagaruki

Nshamba
9 Mei 1949

Kaka,

Jumapili, kuanzia saa tatu hadi saa saba, sote tuko kanisani.

Pita njia ya nyuma ya kibanja, mbwa wa mbele hakujui. Kaburi liko kushoto kwa la baba. Udongo bado ni laini, usisimame upande wa miguuni. Msalaba niliuweka mimi mwenyewe. Usiung'oe.

Dada yako,
Alistidia